Mshono wa Pili

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutajwa juu ya nyumba, ndoa na siasa. Ni nadra kutajwa juu ya ngozi ya mwanadamu. Ilhali huko Nyololo, katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, yupo mama mmoja fundi cherehani ambaye maana yake ameisoma ndani ya kiganja cha binti yake.

Nyololo ni mji mdogo wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Tunduma hupita hapo, baina ya Mafinga na Makambako, na ubavuni mwake huchomoka njia iendayo Igowole na Mtwango, kwenye mashamba ya chai. Malori hayalali. Ifikapo Juni na Julai baridi ya nyanda za juu hukaza hata umande ukaganda juu ya nyasi za mabondeni. Kwa mtu aliyelelewa pwani, ambako moto ni wa kupikia tu na mtu huukimbia mara chungu kikishateremshwa, ni muhali kuelewa jinsi watu wa huko wanavyoupenda. Kwao moto ni blanketi la pili. Kando yake hadithi husimuliwa, mahindi huchomwa, na mgeni huamkiwa "kamwene" na kusogezewa kigoda. Kando yake vilevile mtoto wa miaka mitatu huteleza.

Binti huyo aliteleza jioni moja ya Julai. Mama alikuwa barazani akimalizia sare za shule alizoahidi kuzitoa kesho yake. Mtoto aliangukia makaa kwa mkono wa kushoto, akajaribu kujinyanyua kwa mkono ule ule, na hivyo akaungua mara mbili. Majirani walikuja mbio, kila mmoja na alichokiamini: huyu mayai mabichi, yule dawa ya meno, mwingine unga wa ngano. Hakuna aliyeleta maji, na ndoo mbili zilikuwa zimejaa pale pale mlangoni. Miaka mingi baadaye mama aliambiwa kwamba sehemu iliyoungua humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini, mwili uliobaki ukiwa umefunikwa ili mtoto asipigwe na baridi. Na kwamba hata saa tatu zikipita tangu ajali, maji hayo bado yana faida. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Maji tu?"

Palepale walipompeleka mtoto, jeraha lilisafishwa, na vidole vyote vitano vikafungwa pamoja kwa bendeji moja, kama fungu la mchicha. Mtoto aliukunja mkono kifuani kwa sababu ukikunjwa ulipunguza maumivu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkunjua. Jeraha lilifunga baada ya miezi miwili na nusu. Nyumba nzima ilishukuru. Lakini jeraha halikufunga peke yake. Mkono nao ulifunga. Vidole vilikuwa vimelalia kiganja, na viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana kwa ngozi ngeni iliyo nyororo na isiyo na mistari.

Hapa ndipo pana jambo ambalo laiti lingejulikana mapema, lingewaepusha wengi na kisu cha pili na cha tatu. Ngozi ikiungua hadi tabaka la ndani, mwili haushoni kiraka. Huvuta kingo za jeraha zikutane, kama mfuko unaokazwa kwa uzi wake. Kazi hiyo haikomi siku jeraha linapokauka. Kovu huendelea kukaza kwa miezi mingi, likiwa jekundu au jeusi, gumu, lenye kuwasha, mpaka mwaka upite, au mwaka na nusu, na pengine zaidi, ndipo litulie na kulainika. Katika muda huo kovu ni kiumbe hai mwenye nia yake: akiachiwa shingo, kidevu hushuka kifuani, akiachiwa kwapa, mkono huganda ubavuni, akiachiwa kiganja, hufumba. Na mkao unaompunguzia majeruhi maumivu ndio, mara nyingi, utakaomlemaza. Samaki hukunjwa angali mbichi. Na kovu nalo hunyooshwa lingali bichi.

Mtoto alipofikisha miaka saba zilikuja habari za madaktari wapasuaji wageni watakaokaa wiki moja katika hospitali fulani, mwendo wa saa kadhaa kwa basi. Mama alifunga duka, akauza debe la mahindi, akaenda. Kazi iliyofanywa ilikuwa njema. Kovu lilipasuliwa, vidole vikakunjuliwa, na penye upungufu pakapandikizwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Mama alipoona kiganja cha mwanawe kimefunguka, alilia. Alikabidhiwa gango la plasta la kuufunga mkono usiku, ukiwa umenyooka. Daktari alieleza kwa kirefu, kwa lugha yake, muuguzi, ambaye foleni ilikuwa ikimngoja mlangoni, aliyafupisha maneno yale kuwa manne: "Afunge hili kila usiku." Siku ya tano wageni waliondoka.

Hakuna aliyemwambia mama kwa nini. Hakuambiwa kwamba ngozi nyembamba ya kupandikizwa, ikilinganishwa na ile iliyochukuliwa na unene wake wote, hupenda mno kusinyaa baada ya kushika. Kwamba gango lile lilikuwa nusu ya operesheni yenyewe, na kwamba nusu hiyo ilitakiwa kufanyika Nyololo, juu ya kitanda cha kamba, kwa muda wa miezi sita au zaidi. Yeye aliamini kuwa upasuaji ni kama gauni: likishatoka mikononi mwa fundi, limekwisha. Wiki ya tatu mtoto alianza kulia usiku kwa mwasho. Gango likanuka jasho. Nauli ya kurudi kuuliza ilikuwa sawa na ada ya mtoto mwingine. Usiku mmoja mama alilifungua, akaliweka juu ya kabati, mtoto akalala usingizi mnono kwa mara ya kwanza. Miezi minane baadaye vidole vitatu vilikuwa vimerudi kulala palepale.

Watu walisema mkono umekataa. Wapo walionong'ona kwamba yuko mtu aliyeufunga. Mama hakusema lolote. Gango lilibaki juu ya kabati kwa miaka minane, na kila alipofuta vumbi alilifuta na lenyewe.

Fundi cherehani yeyote anajua kwamba kazi ya kufumua haina sifa. Mteja huleta gauni lililoshonwa na mwingine, limembana begani au limevuta kiunoni, akadhani ni jambo la nusu saa. Fundi akilipindua huona mambo matatu. Kwanza, matundu ya sindano ya awali, ambayo hayazibiki. Pili, kingo zilizochakaa, zisizoshika uzi kama kitambaa kipya. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna akiba: yule wa kwanza alikata hadi ukingoni, hakuacha pindo la kutosha. Kwa hiyo mshono wa pili daima ni mgumu kuliko wa kwanza, huchukua muda zaidi, na haulifanyi gauni kuwa kama lisilowahi kufumuliwa.

Binti alipofika miaka kumi na mitano, mama alimpeleka hospitali nyingine, kwa daktari ambaye alimkalisha kitini na kuzungumza naye Kiswahili kwa saa nzima. Alimweleza yale yale ambayo mama alikuwa ameyajua miaka yote kwa vitambaa. Penye kovu la upasuaji wa kwanza, mishipa ya damu haipiti tena katika njia zake za asili, na ngozi yenye upungufu wa damu hufa upesi ikikatwa. Mishipa ya fahamu na kano za vidole zimenaswa ndani ya kovu, na kisu kinachozitafuta kinaweza kuzidhuru. Viungo vya vidole vilivyokunjwa kwa miaka mingi vyenyewe vimekakamaa, hata ngozi ikipatikana. Na ile ngozi ya akiba, ya pajani, imekwisha kuchukuliwa mara moja.

Kisha akaongeza jambo ambalo mama hakulitazamia. Alisema kwamba hata lau gango lingefungwa kila usiku bila kukosa, yamkini binti angehitaji upasuaji mwingine, kwa kuwa mtoto hurefuka na kovu halirefuki naye kwa kadiri ile ile. Si kila operesheni ya pili ni ushahidi wa kosa. Mtoto aliyezaliwa na mdomo na kaakaa lililopasuka hufanyiwa kazi hiyo kwa hatua, kwa miaka, na hatua hizo zimepangwa tangu mwanzo. Linalopaswa kuogopwa ni ile operesheni iliyoweza kuepukwa: ya kidonda kilichooza kwa uchafu, ya mgonjwa aliyepasuliwa akiwa na upungufu wa damu au lishe duni, ya kovu lililokatwa kabla halijakomaa pasipo na dharura, na ya gango lililowekwa juu ya kabati. Mama alisikia maneno hayo kama mtu aliyepunguziwa nusu ya deni. Nusu iliyobaki alikubali kuilipa.

Elimu hii ina historia yake, na historia hiyo inapita karibu na huku kuliko inavyodhaniwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza. Tangu mwaka 1925 ilikuwa imeenea desturi ya kupaka majeraha ya moto asidi ya tanini, dutu ya jamii ile ile inayokamuliwa kutoka magome ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi huko Njombe, kwa ajili ya kutengenezea ngozi za wanyama. Tanini iligeuza jeraha kuwa gamba gumu, na juu ya mkono gamba hilo lilikaza vidole. McIndoe aliipinga. Msomaji wa visiwani atapenda kujua kwamba aliyemfundisha njia iliyo bora alikuwa bahari: alitanabahi kuwa marubani walioanguka na kuchovywa katika maji ya chumvi majeraha yao yalikuwa na hali nzuri kuliko ya wenzao walioanguka nchi kavu, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi vuguvugu. Marubani hao waliunda chama chao mwaka 1941, na baadhi yao walipasuliwa mara nyingi mno, mara baada ya mara, kwa miaka. Wao walijua kwamba mwili haushonwi kwa siku moja.

Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote watatu wakiwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, waliasisi huduma ya madaktari warukao kwa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo inajulikana kwa jina la Amref. Wazo lililowasukuma lilikuwa kwamba mtu wa kijijini, mbali na mji wowote, ana haki ya mkono unaofunguka na uso usiovutwa. Wazo hilo halijachakaa. Lakini lina mtihani wake, ambao kila msafara wa wapasuaji huurithi: ndege huondoka jioni, kovu hubaki likifanya kazi usiku. Mkono ulioachwa bila mtu wa kuunyoosha, kuukanda kwa mafuta na kuuchunguza mwezi kwa mwezi ni nyumba iliyoezekwa ikaachwa bila mlango.

Na moto haujapungua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa majeraha ya kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na wanaobaki hai na makovu ni wengi zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya mia moja. Msiba kama huo taifa huukumbuka. Moto wa jikoni hauna tarehe. Nao huwafuata zaidi walio wanyonge: watoto wadogo, na wenye kifafa. Huko Mahenge, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta wagonjwa wa kifafa wenye makovu ya kutisha, kwa sababu waliangukia moto wakati wa degedege na watu waliogopa kuwagusa ili kuwanasua. Vidonge vinavyozuia kifafa, katika nchi hii, ni kinga dhidi ya kisu cha mpasuaji sawa na gango lolote.

Daktari yule hakumpasua binti siku ile. Alimpima damu, akaikuta imepungua. Alimpa dawa, akamwagiza ale maharage, dagaa na mboga za majani, na akampa kazi ya miezi mitatu: kuuchovya mkono katika maji ya uvuguvugu, kuukanda kovu kwa mafuta, kuvivuta vidole taratibu hadi penye kukaza, si hadi penye kuchanika. "Tuone mkono utatoa nini wenyewe kabla ya kisu," alisema. Kungoja huko si uzembe. Ni haki kungoja maadamu kope inafumba, shingo haijavutwa na kiungo hakiharibiki kwa kungoja. Na ni dhuluma kungoja pale ambapo jicho linakauka kwa kope isiyofunga. Vilevile alimwonya kwamba kidonda kinachochimbuka juu ya kovu la zamani la moto na kukataa kupona kionyeshwe hospitali upesi, kwa kuwa makovu ya namna hiyo, baada ya miaka mingi, huweza kuzaa saratani.

Mwisho alimgeukia binti, ambaye muda wote alikuwa ameuficha mkono chini ya kanga, akamwambia aulize anachotaka. Binti hakuuliza kama ataumia. Aliuliza: "Nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi?"

Swali hilo lilistahili kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha upasuaji, kiwe cha kufungua mkono ulioungua Mufindi au cha kupunguza tumbo katika jiji kubwa. Wengi wanaorudi kupasuliwa mara ya pili hawakurudi kwa sababu kisu kilikosea. Walirudi kwa kuwa walichotarajia hakikuwa kile kilichowezekana, na hakuna aliyewaambia. Na lina ndugu zake: Nani atapasua, naye amefanya kazi kama hii mara ngapi? Itachukua hatua ngapi? Nani atanitazama baada ya mwezi, na baada ya mwaka? Isipofaulu, itakuwaje? Mwenye kovu linaloota, lile linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha lake, nalo huwapata zaidi watu weusi, ana swali lake la ziada: baada ya kulikata, mtalizuiaje lisirudi? Kwani likikatwa pekee, bila sindano za dawa au tiba nyingine, hurudi mara nyingi, na pengine hurudi likiwa kubwa zaidi.

Daktari alimjibu binti kwa haki. Alisema hataupata mkono usiowahi kuungua. Huenda akapata vidole viwili, labda vitatu, vinavyonyooka vya kutosha kulaza kiganja juu ya meza. Cha mwisho kitabaki kilivyo. Na ipo hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kupoteza hata ule mshiko alionao. Binti alisema atafikiri. Mama alifungua kinywa, kisha akakifunga. Safari hii mkono ulikuwa na mwenyewe.

Alifikiri kwa miezi mitatu ile, huku akikanda kovu kwa mafuta kila jioni. Mkono ulilegea kidogo, si sana. Hatimaye alisema ndiyo. Kovu lilikatwa kwa mfano wa herufi Z, ili ngozi ya pembeni iingiliane na kuazima urefu. Penye upungufu ikawekwa ngozi yenye unene wote, iliyotolewa kinenani. Gango jipya lilikuwa la plastiki nyepesi, na aliyewafundisha kulifunga aliwataka wote wawili, mama na binti, walifunge na kulifungua mbele yake mara tatu, na waeleze kwa maneno yao wenyewe ni la nini.

Huko Nyololo mafiga yameondolewa sakafuni. Jiko limejengwa kwa udongo na kuinuliwa hadi kiunoni mwa mtu mzima, na mbele yake pana kizuizi cha mbao kwa ajili ya wajukuu. Julai ilipofika mwasho ulianza, kama miaka ile. Binti alilia usiku, akaomba gango lifunguliwe. Mama aliamka, akalifungua, akaukanda mkono kwa mafuta karibu na moto mpaka mwasho ulipotulia, kisha akalifunga tena. Alifanya hivyo usiku ule na uliofuata, na nyingine nyingi baada yake, huku malori ya Tunduma yakipita nje.

Vidole viwili vimenyooka. Cha tatu kinakuja nusu. Asubuhi binti hukaa kwenye cherehani, hulaza kiganja cha kushoto juu ya kitambaa, na kukisukuma taratibu chini ya sindano. Kila anapokata sare ya mtoto wa shule, mama humkumbusha kuacha akiba kwenye pindo.